Jumatano Saa Nane chini ya Mwarobaini: Huduma ya Unasihi kwa Watumishi wa Afya

Nimekwenda mara sita. Wenzangu wa wodi ya wazazi wamekuwa wakiniuliza pembeni, tukiwa tunakunja gozi, kama ile huduma ya unasihi kwa watumishi inasaidia kweli au ni semina nyingine ya kusaini mahudhurio na kunywa soda. Nimeona niandike kwa kirefu, wasome na wa hospitali nyingine wanaofikiria kuanzisha kitu kama hiki. Hospitali yenyewe siitaji. Ni ya wilaya, upande wa pwani, na mimi ni muuguzi mkunga, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini.

Kilichonipeleka ni usiku mmoja wa masika. Tulikuwa wakunga wawili kwa vitanda vinane, na wengine wenye uchungu wamelala koridoni. Binti wa miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza, alijifungua vizuri, kisha damu ikakataa kukata. Tulimchoma oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba ili damu ikate, tukamkanda tumbo, tukamwita daktari wa zamu, ikapatikana chupa moja tu ya damu ya kundi lake. Alifariki saa nne na dakika arobaini. Saa tano kasoro dakika tano kitanda cha tatu kulikuwa na mwingine anasukuma. Nilimpokea mtoto wake nikasema "hongera mama", na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Sauti ile ndiyo iliyonitisha baadaye.

Kifo cha mama hutolewa taarifa ndani ya saa 24, halafu hufuata kikao cha mapitio: damu ilichelewa wapi, nani aliitwa saa ngapi. Nakiheshimu kikao hicho. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha vifo vya akina mama Tanzania vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015-16, na naamini meza zile zina mchango wake. Mimi nilijibu kila swali la saa na la dozi, nikarudi nyumbani, nikakaa bafuni mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Miezi miwili iliyofuata nikawa mkali. Nilikuwa naamka usiku kumpima mwanangu mapigo ya moyo, mtoto mzima wa darasa la nne. Kazini nilimfokea mama aliyekuwa anasukuma, maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, naye akaniomba msamaha. Yeye, kitandani pale, katikati ya uchungu, akaniomba msamaha mimi. Wiki ileile nikaenda.

Mnasihi ni mwanasaikolojia anayetoka hospitali ya mkoa kila Jumatano, saa nane mchana hadi saa kumi. Hulipi kitu. Hakufungulii faili la hospitali. Ana daftari lake lenye namba bila majina, na huondoka nalo. Kwangu hilo lina uzito kuliko mengine yote, maana pale masjala kuna shemeji wa huyu, jirani wa yule na mama mdogo wa mwingine.

Siku ya kwanza alinipa fomu ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Nilipata 13. Swali la tisa, la kuwaza kwamba ni heri ufe au kujidhuru, aliniuliza kwa mdomo, kalamu ameiweka chini, akangoja jibu bila haraka. Hapo nikajua nimefika kwa mtu anayeijua kazi yake. Nikamuuliza, "Dada, kwa hiyo naumwa?" Akasema, "Sista, alama hizi zinatuambia tukuangalie kwa karibu, na zikipanda nitakupeleka kwa daktari kwa sababu si kila kitu huisha kwa maneno." Kisha akanieleza kuhusu uchovu wa kazi, jinsi Shirika la Afya Duniani lilivyouainisha mwaka 2019: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuwa baridi nayo, na kuona hufanyi lolote la maana. Shirika halikuuita ugonjwa; limeuweka kama hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Nilimwomba arudie hilo la mwisho. Miezi miwili yote nilidhani moyo wangu ndio ulioharibika.

Chumba alichopewa ni kibaya, lazima niseme. Kipo mkabala na dirisha la bima, mlango una kioo, foleni nzima inakuona unaingia na inakuona unatoka na macho mekundu. Mwenzangu mmoja aligeuzia mlangoni. Mnasihi alilalamika, hakupata kingine, basi mara yangu ya tatu akahamishia mazungumzo nje, kwenye benchi la mbao chini ya mwarobaini nyuma ya maabara. Wazo alilitoa Zimbabwe, ambako tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mitaani kukaa benchini na watu wenye mawazo mengi. Benchi za namna hiyo zimefika hadi Zanzibar. Ukikaa pale unaonekana kama mtu anayepunga upepo, na hakuna anayekuuliza.

Kwenye benchi hilo ndipo tulipofanya kikao cha pamoja. Wakunga watatu, muuguzi wa dawa za usingizi, na mhudumu wetu wa wodi, mama mtu mzima anayepiga deki na kufua mashuka. Nusura asiitwe, mmoja wetu alisema yeye hatoi huduma kwa mgonjwa. Mnasihi akasema aje.

Mama yule alikaa kimya karibu muda wote. Mwishoni akasema kwamba mama akifa, yeye ndiye anayekusanya vitu vyake, akakunja kanga na kuwakabidhi ndugu. Akasema anakumbuka maandishi ya kila kanga aliyokunja. Akaanza kuyataja, moja baada ya jingine, taratibu, kama anayesoma majina. Ya yule binti wangu ilikuwa "Subira huvuta heri". Nilikuwepo usiku ule kuanzia mwanzo hadi mwisho na sikuwahi kuitazama ile kanga. Nililia, wakunga wawili walilia, na muuguzi wa dawa za usingizi, mwanaume ambaye hatujawahi kumwona akipepesa jicho, aliinuka akasimama nyuma ya mti. Mhudumu akatuambia, "Poleni wanangu." Hakuna aliyewahi kumpa pole yeye.

Kama mnaanzisha huduma hii kwenu, anzeni kwa kuwaita wahudumu.

Sasa kasoro nyingine. Saa nane mchana ndiyo saa ya kukabidhi zamu. Wa asubuhi yuko kwenye ripoti, wa jioni anaingia, wa usiku amelala. Wanaofaidi ni wa ofisini. Huduma ina namba ya simu ya dharura pia, ya mnasihi huyohuyo; niliipiga Jumapili moja, ikaita mpaka ikakata. Mtu mmoja hawezi kupokea simu za mkoa mzima. Na mnasihi aliponiandikia nipumzike siku tatu, ofisi ilikataa kwa sababu hapakuwa na wa kunishikia zamu. Ni kweli hapakuwa naye. Usiku bado tuko wawili kwa vitanda vinane, na benchi haliwezi kuwa mkunga wa tatu.

Wiki iliyopita nilijaza fomu tena nikapata 6. Nalala. Mwanangu simshiki tena mkono usiku. Kuna mama mmoja nilimfuta jasho juzi nikagundua nimemuuliza jina lake kabla ya kumpima njia, jambo nililokuwa nimeliacha.

Jumatano ijayo nimepangwa zamu ya jioni, inayoanza saa nane ileile. Nimeshabadilishana na mwenzangu, na nimemwambia mhudumu wetu tutoke pamoja.