Kiboksi cha gemu 620: nimekijaribu na dada yangu kwa wiki tatu

Dada aliichukua pedi ya kwanza ya kuchezea gemu kabla hata sijamaliza kuchomeka waya. Yeye ndiye mkubwa, na pedi ya kwanza ilikuwa yake tangu enzi zile sijui kusoma jina la gemu kwenye kaseti. Mimi nikashika ya pili, nikawasha, orodha ikatokea: gemu 620, zimepangwa kwa namba kama daftari la mahudhurio. Hatukusoma hata ukurasa mmoja. Tulienda moja kwa moja kuitafuta Battle City.

Kiboksi chenyewe kinaenea kiganjani. Ni kimojawapo cha vile vimashine vinavyoiga Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Hakina tundu la kaseti, kila kitu kimo ndani. Nilikinunua nikiwa na swali moja tu: je, vidole vyangu vitazitambua gemu zetu? Maana macho hudanganyika upesi. Ukiona lile anga la bluu la Mario moyo unaruka, unasema ndiyo hii hii. Kidole hakidanganyiki. Kidole kinakumbuka ni lini hasa kilipaswa kubonyeza.

Battle City ilifaulu, tena vizuri. Kwa asiyeijua: ni gemu ya Namco ya mwaka 1985. Una kifaru kidogo cha vita, unalinda tai aliyejengewa ukuta wa matofali chini ya skrini, na vifaru 20 vya adui vinashuka kutoka juu kila hatua. Hatua ziko 35. Nilisikiliza kwanza sauti. Gemu hii haina muziki ukiwa unacheza. Kuna kale kawimbo kafupi ka kuanzia, kisha inabaki ngurumo ya injini tu, inapanda ukitembea na kushuka ukisimama. Ngurumo ile ilikuwepo, sawasawa. Dada alinyamaza kidogo, halafu akasema, "We mdogo wangu, kaa kushoto." Kushoto ndiko nilikokuwa nakaa siku zote. Kifaru chake cha njano kililinda kulia, changu cha kijani kushoto, na hakuna aliyemweleza mwenzake kitu kingine.

Kuna jambo moja kwenye gemu hii ambalo sijaliona likifanywa vizuri hivyo kwingine. Risasi yako ikimpata mwenzako, haimuui. Inamgandisha. Anasimama palepale kwa muda, hawezi kusogea, na adui wanamjia. Kwa hiyo kosa lako unaliona kwa macho mpaka mwisho wake. Tulipokuwa wadogo hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Na mbaya kuliko hilo, risasi yako mwenyewe inaweza kumuua tai. Nilimuua hatua ya tisa, jioni ya kwanza kabisa. Dada aliweka pedi chini taratibu, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka kumi na miwili.

Mario ndiyo iliyonipa shida. Super Mario Bros. nimeicheza mara nyingi kiasi kwamba hatua ya kwanza kabisa, 1-1, naweza kuipita nikiwa naongea na mtu. Hapa nilianguka kwenye shimo la kwanza. Nikaanguka tena. Nilibonyeza kwa wakati uleule niliozoea, pembezoni kabisa mwa ukingo, Mario akawa bado ana miguu chini na mara yuko shimoni. Mashine ya asili ilichora picha 60 kwa sekunde; ukichelewa kwa picha nne au tano tu, umeshakufa. Nilidhani ni uzee wa mikono. Sivyo. TV bapa za leo huipokea picha, huisafisha, huinyoosha, ndipo huionyesha, na kazi hiyo inakula muda. TV za zamani zenye mgongo mkubwa hazikuwa na subira hiyo: ishara ikiingia inachorwa papo hapo.

Basi kabla hujakitukana kiboksi, ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV yako uitafute hali ya gemu. Mimi nilipoiwasha, Mario alirudi karibu wote. Nasema karibu, kwa sababu chembe ya kuchelewa ilibaki, na hiyo ni ya kiboksi. Nilikijaribu pia kwenye monita ya kompyuta isiyo na madoido yoyote na ilikuwepo vilevile. Mtu anayecheza kwa starehe hataihisi. Mimi naihisi kila ninaporuka.

Ukiwa humo kwenye mipangilio, rekebisha na umbo la picha. Gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya skrini ya 4:3 (upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu), kiboksi kinazitandaza mpaka zijaze TV nzima, Mario anakuwa mnene na mabomba yanakuwa kama mapipa. Rudisha 4:3, ukubali mistari miwili myeusi pembeni. Hapo ndipo utaona vizuri ufundi wa wale watu. Gemu nzima ya Mario ina ukubwa wa kilobaiti 40, picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi. Ili itoshee, walitumia mchoro mmoja mara mbili: kichaka na wingu ni kitu kimoja, kimoja kimepakwa kijani na kingine cheupe. Nilimwonyesha dada. Aliitazama skrini muda mrefu, akasema miaka yote ile alikuwa anaviona na hakuviona.

Kitu kingine ambacho hakikuharibiwa: ukifa roho zote, rudi mwanzo, shikilia A, kisha bonyeza Start. Unaanzia kwenye ulimwengu ulipofia, si 1-1. Utotoni hatukujua! Tulikuwa tunaanza upya kila mara, mchana kutwa.

Contra wameiharibu, na hapa nina uchungu wa kweli. Kwenye orodha iko toleo ambalo ukiwasha tu una roho 30. Wametuondolea kodi, yaani ule mfuatano wa siri wa vitufe uliokuwa ukikupa roho hizo. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kodi hiyo ilitungwa na Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alipokuwa akiijaribu gemu ya Gradius ya mwaka 1986, kwa sababu gemu ilikuwa ngumu mno kwake kuimaliza, akaisahau humo ndani. Baadaye ikaingia kwenye Contra, ambako bila hiyo una roho tatu tu. Sisi tuliipata kwa dada, aliyeipata kwa rafiki yake, akaiandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma la daftari la hesabu. Kuibonyeza ilikuwa nusu ya raha. Vidole vinakwenda mbio, hujui kama umepatia mpaka uhesabu roho. Kupewa 30 bila kuomba si kitu kilekile. Nilihangaika na orodha mpaka nikaipata Contra nyingine, namba mia tatu na kitu, ambayo haijaguswa. Kodi inafanya kazi. Itafute hiyo.

Na mkicheza wawili, mkifika kwenye maporomoko ya maji, mwenye haraka amsubiri mwenzake. Skrini inapanda na aliyeko juu, aliyebaki chini anakufa bila kupigwa risasi. Dada safari hii alisubiri.

Duck Hunt, ile ya kupiga bata kwa bunduki ya kuchezea, imo, lakini bunduki haimo. Unapiga bata kwa kusogeza alama kwa pedi, jambo lisilo na maana yoyote. Ila siwalaumu waliokitengeneza. Bunduki ya zamani haikurusha kitu. Ilikuwa jicho. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea mraba mweupe, bunduki inaangalia kama imeuona mwanga. Inategemea TV ichore papo hapo. Kwa TV bapa, jicho linatazama giza na mwanga unakuja umechelewa. Afadhali wangeitoa kabisa kwenye orodha.

Kuhusu hiyo 620, usiisadiki. Galaxian nimeikuta mara nne, kila mara kwa jina jingine, na Battle City iko mara tatu, moja ikiwa na vifaru vinavyopita juu ya maji. Nikiondoa marudio, na zile ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuziomba, nabaki na kama 90 hivi za kucheza. Hizo 90 zinatosha kabisa. Pedi zina vitufe vigumu, msalaba wa kushoto unakwaruza kidole gumba baada ya saa moja, na kitufe cha B cha pedi ya pili kilianza kunata wiki ya pili. Nilikifungua, nikasafisha mpira wa ndani kwa spiriti, kikapona. Hakuna kuhifadhi ulipofika, ukizima umezima.

Kwa mtu anayetaka kucheza Mario peke yake kwa ufundi aliokuwa nao, simshauri akinunue. Atafute mashine ya asili na TV ya mgongo. Kwa watu wawili waliowahi kugombana juu ya tai wa matofali, kinunuliwe leo. Nakipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za Battle City.

Kasoro ya mwisho ni waya za pedi, fupi mno, hazifiki kwenye kochi. Tumefika hatua ya 22 na dada anakuja tena Jumamosi, nami nimeshaagiza waya wa kurefusha pedi ya kwanza, maana magoti yake hayakubali tena kukaa sakafuni kwa muda wa saa tatu.