Darasa la Hesabu la Babu wa Leningrad, Ngamiani, Tanga

Mimi ni wakala wa pesa za simu, kibanda changu kiko jirani na soko la Mgandini. Miezi mitano mfululizo droo ilikataa kukaa sawa. Leo pungufu elfu nne, kesho imezidi elfu mbili mia tano, na hiyo ya kuzidi ndiyo ilininyima usingizi zaidi, maana ni ya mtu. Shoga yangu, mweka hazina wa kikoba, akanipeleka kwa mzee mmoja mstaafu wa benki anayefundisha hesabu barazani kwake. Elfu ishirini kwa wiki nne, siku tatu kwa wiki, kuanzia baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi.

Wiki ya kwanza nusura nidai hela yangu. Simu zote zinawekwa kwenye ungo, kikokotoo marufuku. Anakupa kihesabio cha mbao alichorudi nacho Urusi: nyaya zimelazwa, karibu kila waya punje kumi, mbili za katikati nyeusi ili jicho lisipotee. Nikajikuta nasogeza punje kama mtoto wa chekechea, huku wateja wangu wanahamia kibanda cha pili.

Halafu hadithi! Alisoma Leningrad, siku hizi Saint Petersburg, kwenye chuo cha fedha na uchumi. Jengo lenyewe lilijengwa kuwa benki tangu karne ya 18, enzi za malkia Catherine, na upande wa mfereji kuna daraja dogo la waenda kwa miguu lenye sanamu nne za simba wa mabawa ya dhahabu. Mwaka wa kwanza ni Kirusi tu. Posho ya mgeni ilikuwa rubli 90 kwa mwezi, Mrusi wa chumba kimoja naye akipata kama 40, kwa hiyo chai na sukari zikawa juu ya Babu. Septemba wenyeji walikuwa wakipelekwa mashambani kuvuna viazi. Usiku wa kiangazi madaraja ya mto Neva yananyanyuliwa kupisha meli, ukichelewa ng'ambo unalala ukiwa umesimama. Mtihani ni wa mdomo: karatasi zimelazwa kifudifudi, unaokota moja, unajiandaa kidogo, unakwenda kumjibu mwalimu uso kwa uso. Alama ya juu ni tano, kwa hiyo wanafunzi walikuwa wakiweka sarafu ya kopeki tano kiatuni, chini ya kisigino. Nikamuuliza, na wewe Babu uliweka? "Niliweka, mwanangu. Na Ayatul Kursi nikasoma."

Nilidhani anapoteza muda. Wiki ya pili ndipo nikaacha kunung'unika.

Alikuwa anaeleza walivyofundishwa kuwa wafanyakazi wa benki. Kule biashara ya benki haikuwa kushindania wateja; benki ya serikali ilikuwa moja, Gosbank, na kiwanda chochote kilipitishia fedha zake humo. Fedha zenyewe zilikuwa za aina mbili zisizochanganyika ovyo. Kiwanda kikimlipa kiwanda kingine, ni maandishi tu, tarakimu inatoka akaunti hii inaingia ile. Noti zilitoka hasa kwa ajili ya mishahara, na mfanyakazi wa benki kazi yake ilikuwa kuangalia kama kinachotolewa kimo kwenye mpango. Maandishi hayageuki noti hivi hivi tu.

Nikamwambia: Babu, mbona hiyo ni floti na keshi? Akavua miwani. Hakuwa anajua floti ni nini. Nikamfafanulia: floti ni salio langu la kwenye simu, keshi ni noti za kwenye droo; mteja akiweka pesa, keshi yangu inapanda na floti inashuka, akitoa, kinyume chake, jumla haibadiliki. Akasema, basi kosa lako ni kwamba una daftari moja kwa fedha mbili. Tukachora safu mbili, na ya tatu ya jumla, na kila muamala unaandikwa pande zote palepale, si jioni kwa kukumbuka. Siku ya nne nikamuona mwizi wangu: kamisheni. Ilikuwa inaingia kwenye simu, mimi naihesabu kama mtaji.

Kasoro zipo. Benchi ni la watu watano na sisi tulikuwa wanane. Sikio moja la Babu halisikii, ukikaa upande huo utauliza mara tatu. Cheti hatoi, kwa hiyo anayetaka karatasi ya kuombea kazi asisumbuke. Na ukikosea hesabu kwa shilingi hamsini hamwondoki mpaka ionekane; siku moja tulimaliza isha imeshaadhiniwa, mkewe ametuletea mbaazi na mandazi kwa huruma, nami mume ananipigia simu iliyo kwenye ungo.

Nampa nne kati ya tano. Yeye hakukasirika, alisema kwa Warusi nne ni "vizuri". Tano ataipata akiongeza benchi.

Ukienda, beba daftari kubwa la mistari na peni ya bluu. Ukikosea unakata mstari mmoja, tarakimu ya zamani ibaki inasomeka, unaandika mpya juu yake. Penseli na kifutio hataki kuviona. Atakurudisha dukani, lipo hapo kona, peni mia tatu.