Walitupandisha vizuri, kushuka wakatuachia Mungu

Kama umeona lile tangazo la "Panda Kilele Wikendi Hii, Hata Kama Hujawahi" linavyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma, na unajiuliza ulipe au uache, acha. Jina la kampuni sitaliandika. Wenyewe wanajijua, na walioenda nao watamjua mara moja kiongozi ninayemsema: yule mwenye redio ya mkononi kiunoni ambayo safari nzima haikutoa hata mkwaruzo.

Mimi na milima hatuna ugomvi. Bei nayo sikuilalamikia, elfu themanini kwa kichwa, ndani yake boti, kiongozi na "chakula cha mchana". Chakula chenyewe kilikuwa andazi mbili na maji ya chupa ndogo, lakini hilo nimeshasamehe. Karibu nisamehe. Kinachoniwasha ni sentensi moja aliyoambiwa mama yangu mdogo akiwa kwenye jabali, mikono inatetemeka, watu wazima na akili zao wanacheka.

Mama mdogo ni mwalimu mstaafu, kafundisha Kasulu miaka na miaka. Ana miaka hamsini na kitu, sitini hajafika. Shamba lake liko mteremkoni na analipanda na kulishuka kila msimu, jembe begani, kurudi ana mzigo wa mihogo kichwani. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nilimpeleka mzee asiyejiweza. Alipoliona tangazo ni yeye aliyenipigia simu: "Mwanangu, hawa wanasema hata wasiojua wanafundishwa. Twende."

Wanafundishwa. Shikeni hilo neno.

Asubuhi yenyewe ilianza kwa kituko. Ratiba iliandikwa "saa 12 kamili tunaanza kupanda, jua likichomoza". Aliyeandika ratiba ile hajawahi kuamka Kigoma. Sisi tuko mwisho kabisa wa magharibi ya nchi na saa zetu ni zile zile za Dar, saa 12 asubuhi huku bado ni giza, jua linatoka kwenye kuelekea saa 1. Tukasimama Kibirizi gizani tukisubiri boti, boti ikasubiri mafuta, mafuta yakasubiri mtu wa bodaboda. Tulipofika kule kijijini kaskazini na kukanyaga mchanga, saa 3 ilishapita na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

Kiongozi akatusalimia kwa jumla, "Mambo vipi timu!" Shikamoo kwa mama mdogo hakuna. Niliiona, nikanyamaza. Nikamuuliza swali moja tu la maana: kwa kuwa tumechelewa kuanza, saa ngapi tunageuza, tumefika juu au hatujafika? Akanitazama kama nimemwomba anikopeshe. "Dada, tunageuza tukifika."

Kwa wasiojua, hilo ndilo swali la kwanza la safari yoyote ya mlima ya siku moja. Unapanga saa ya kugeuza ukiwa bado chini, akili imetulia, maana ukiwa juu kilele kinaonekana kiko hapo tu na kila mtu anasema "dakika kumi". Na sisi tulikuwa na ziwa la kuvuka kurudi, ambalo mtu wa huku haulizi linakuwaje upepo wa alasiri ukiamka.

Kupanda, nisiwe mnafiki, kulikuwa kuzuri. Njia inapita kwenye mashamba ya mihogo na michikichi, halafu nyasi ndefu, halafu ule mgongo wa mawe unaoanza kukubana. Tangazo lilisema "kupanda kidogo kwa mikono". Hiyo "kidogo" ndiyo sehemu ambayo kampuni yenye akili ingeieleza kwa kirefu. Waingereza wanaopenda mambo haya wamezigawa njia za namna hiyo kwa madaraja, la 1 hadi la 3. La 1 unashika jiwe hapa na pale, la 3 mara nyingi unahitaji kamba na mtu anayejua kuitumia. Sisi tuliambiwa "kidogo" tukajazia wenyewe. Jabali lenyewe halikuwa refu, tuseme urefu wa nyumba ya ghorofa moja, limelala kidogo, lina vishikio. Kulipanda, mama mdogo alilipanda akicheka.

Juu pale, jamani. Ziwa limetandazwa mpaka macho yanachoka, na ng'ambo milima ya Kongo imejichora ndani ya ukungu. Mama mdogo alikaa akala andazi lake, akaniambia miaka yote amewachorea watoto ramani ya Ziwa Tanganyika ubaoni na leo ndiyo analiona. Kama mngeniomba maoni dakika ile ningewapa nyota zote na za ziada. Kiongozi alikuwa anapiga video za matangazo, anatupanga mistari kama harusini, "rusha mikono timu, piga kelele timu!" Nikarusha mikono. Nikapiga kelele.

Halafu tukaanza kushuka.

Jabali ni rahisi kulipanda kuliko kulishuka, na mtu anayejiita kiongozi wa mlima anatakiwa alijue hilo kabla hajajua jina lake. Ukipanda, macho yako yako karibu na mikono, unaona unachoshika. Ukishuka, mguu ndio unaotangulia, na mguu hauna macho. Kwa hiyo pale ndipo anaposimama kiongozi, chini ya mgeni wake, amwongoze. Huyu wetu alitangulia kushuka na vijana wenye nguvu, mbio mbio, akafika chini akakaa kwenye kivuli, akatoa simu. Kumbe anapandisha zile video.

Mama mdogo akabaki juu. Hakuna aliyekuwa amemwambia ageuke uso uelekee jiwe, akashuka ameligeuzia mgongo, anateleza kwa makalio kama mtoto kwenye ngazi. Katikati pale suruali ikashika kwenye ncha ya jiwe, miguu inaning'inia, mbele yake hakuna kitu isipokuwa ziwa. Akaganda. Niliona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye kucha.

Na ndipo kutoka kivulini, bila kusimama, bila hata kuishusha ile simu, ikaja: "Bibi, si ungebaki nyumbani na wajukuu? Unatuchelewesha!"

Bibi. Mwanamke aliyewafundisha nusu ya watu wa wilaya kusoma. Wakacheka, si wote, ila wa kutosha.

Sitaandika nilichojibu, maana mama mdogo mwenyewe anasoma hapa.

Aliyemtoa pale ni kijana wa kijijini aliyekuwa amechukuliwa kubeba maji. Hakuwa na redio wala fulana ya kampuni, alivaa kandambili za matairi. Alikuwa ameshafika chini na dumu lake. Akaliweka, akapanda tena kama anaingia chumbani kwake, akasimama chini ya mama mdogo kidogo, pembeni, na cha kwanza alichosema, na naapa hiki ndicho cha kwanza, ni "Shikamoo mama."

"Marahaba baba," mama mdogo akaitikia, sauti nyembamba.

"Usitazame ziwa, mama. Tazama jiwe. Geuka taratibu, tumbo lije kwenye jiwe, hivyo hivyo. Mikono miwili ishike, mguu mmoja ukae. Huo mwingine nipe mimi."

Akaweka kiganja chake chini ya kisigino cha raba ya mama mdogo, akakibeba kile kisigino mpaka kwenye ufa, akakikandamiza pale. "Kanyaga kwanza bila uzito. Kimekubali? Haya, sasa weka uzito." Mguu wa pili, hivyo hivyo. Mama mdogo alipotaka kushika kichaka cha nyasi akamzuia: "Nyasi hapana mama, nyasi ni mwongo. Shika jiwe, na jiwe ligonge kwanza." Vitu vitatu vimeshika, kimoja ndicho kinatembea. Wapanda miamba wa dunia nzima wanafundishwa hivyo hivyo siku ya kwanza, na yule kijana, nilipomuuliza kajifunzia wapi, alishangaa swali. "Si ndivyo watu wanashuka?"

Mama mdogo alifika chini amesimama kwa miguu yake. Kiongozi akapiga makofi, "Safi sana timu!", kama vile kazi ni yake.

Tulivuka ziwa jioni imeshaingia, boti inapigwa mawimbi ya ubavu, maboya ya kuvaa hayakutosha watu. Ya kushukuru ni kwamba huku jua linachelewa kuzama pia, vinginevyo tungevuka gizani kabisa.

Nikasema nisiandike kwa hasira, nipige simu ofisini kwanza, nikae nao kiutu uzima. Dada aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani aliumia?" Nikamwambia hapana. "Basi tatizo liko wapi, dada?" Sikuwa nadai hela irudi, hata neno hela sikulitaja, ila akaniwahi: "Hela ya mlima hairudi." Kwa hiyo wamezoea kudaiwa.

Hapo ningeweza kuishia. Lakini juzi juzi wametoa tangazo jipya na ndilo lililonikalisha kuandika. "Nkungwe Wikendi: Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni. Wanaoanza karibuni! Tutaona na sokwe!"

Ndugu zangu. Nkungwe ni mlima ulioko Mahale, zaidi ya kilomita 100 kusini kwa njia ya ziwa. Meli ya Liemba enzi zake ikitoka hapa alasiri ilikuwa inakushusha Lagosa usiku wa manane, na hapo bado hujafika hifadhini. Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985, ndani hakuna barabara, ni miguu na boti, na huwezi kujiendea tu kama unakwenda sokoni Mwanga, kuna ada na kuna askari wa hifadhi wa kufuatana naye. Sokwe nao wana utaratibu wao: barakoa mdomoni, saa moja na si zaidi, mwenye mafua habari yake imeishia hapo, kwa sababu magonjwa yetu yanawaua. Si kitu cha kupitia njiani.

Na mlima wenyewe hesabu yake haihitaji shahada. Uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya bahari, kilele cha Nkungwe mita 2,462. Ni karibu mita 1,700 za kupanda. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, ambayo wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa Nkungwe, saa karibu tatu zinaondoka kwenye mwinuko peke yake, kabla hujahesabu umbali, joto, kupumzika, na mtu kama mama mdogo kwenye sehemu mbaya. Kisha kuna kushuka. Watu wazima wanaojua wanalala njiani, wanatenga siku mbili au tatu za mlima tu. Hawa wanataka kuwapeleka wanaoanza, na yule yule kiongozi, warudi Jumapili kuwahi kazi Jumatatu. Watongwe, wenyeji wa kule, wanauheshimu mlima ule kama mahali patakatifu tangu enzi za mababu, na sisi tunaupelekea "rusha mikono timu".

Sasa, mnaniuliza hukumu. Nilianza kwa kusema usilipe, na bado nasema hivyo. Ila mama mdogo anataka kwenda tena. Tangu siku ile anaeleza watu wa kanisani kwao jinsi ya kugeukia jiwe, anawaonyesha kwenye ukuta wa jikoni. Anasema ni siku nzuri kuliko nyingi alizokuwa nazo tangu astaafu, na ile "bibi" yeye ameshaisahau, ni mimi ninayeibeba. Kwa hiyo nikiwa mkweli, kampuni ile ilimpa mama yangu mdogo kitu ambacho mimi sijawahi kumpa.

Lakini subirini. Yule kijana tulimuuliza amelipwa ngapi siku ile. Elfu kumi. Kubeba dumu kupanda na kushuka, na kumtoa mtu jabalini, elfu kumi, wakati kila mmoja wetu katoa themanini. Nikawaandikia kampuni ujumbe mrefu wa heshima: mfanyeni huyu kijana ndiye kiongozi, mlipeni kama kiongozi, mimi mwenyewe nitawaletea wateja. Wakanijibu kwa kile kidole gumba, na chini yake tangazo la Nkungwe.

Namba ya kijana anayo mama mdogo. Wameshazungumza, kaka yake ana boti, wanasubiri mvua zikatike. Kwa hiyo nyota: kijana tano, mlima tano, kampuni moja. Mkitaka wastani, wekeni tatu na ushee. Hapana, nimeisoma tena ile "kwani aliumia". Wekeni moja.