Harufu ya maziwa garini: nilitumia manukato, ozoni na dawa ya vimeng'enya

Dumu la maziwa la lita mbili lilianguka nyuma ya siti ya dereva nikiwa njiani, mfuniko ukaachia. Nilipofika nyumbani zaidi ya nusu ilikuwa imeshamwagika. Nilifuta kwa mataulo matatu mpaka kapeti ikawa kavu kwa kuigusa, nikafunga milango nikaenda kulala. Siku mbili baadaye, gari likiwa limeshinda juani vioo juu, nilifungua mlango harufu ikanipiga usoni kabla sijaingiza mguu. Maziwa yalikuwa yamechacha. Wanaoijua harufu hiyo wanaelewa: ni nzito, ina ukali wa matapishi. Na hilo lina sababu, kwa kuwa mafuta ya maziwa yakioza hutoa asidi ya butiriki, na matapishi nayo hunuka hivyo kwa sababu ya asidi hiyohiyo.

Peke yangu ningevumilia. Lakini gari hili ndilo linalompeleka mama hospitali mara mbili kwa wiki, na dawa anazomeza zinamfanya achefukwe upesi. Safari ya kwanza baada ya maziwa kumwagika alikaa siti ya nyuma, akashusha kioo, akashika kitambaa puani njia nzima. Nilipomuuliza kama anaweza kuendelea alijibu tu, "Twende mwanangu." Siku ile nilijua jambo hili si la kusubiri liishe lenyewe.

Nilianza na manukato, yale ya kuning'iniza kwenye kioo na mengine ya kupachika kwenye tundu la kiyoyozi. Sitayasemea mengi. Harufu ya maua ilipochanganyika na uvundo, ikazaliwa harufu ya tatu iliyokuwa mbaya kuliko zote mbili, na mama akaomba niyatoe kabla hatujafika nusu ya safari. Mtu mwenye kichefuchefu usimwekee manukato garini.

Kisha nikamwaga bikaboneti ya soda, ile poda nyeupe ya kuumulia keki, nikaiacha usiku kucha na asubuhi nikainyonya kwa mashine ya vumbi. Poda hii inafanya kazi kweli, kwa sababu harufu nyingi za kuchacha ni za asidi na yenyewe huzipunguza makali. Asubuhi ile nilivuta pumzi nikafurahi. Saa saba mchana jua lilipowaka, harufu ikarudi. Hapo ndipo ningetakiwa kuelewa kwamba juu ya kapeti kulikuwa kusafi na tatizo liko chini, lakini sikuelewa, nikaenda kulipia huduma ya ozoni.

Hii ozoni naieleza kwa urefu kidogo kwa sababu inasifiwa sana. Ni mashine ndogo inayogeuza oksijeni ya hewani kuwa ozoni, gesi yenye atomu tatu za oksijeni badala ya mbili. Hiyo atomu ya ziada haitulii. Inashambulia chembechembe za harufu na kuzivunja. Jamaa waliofanya kazi hiyo waliweka mashine ndani ya gari, wakawasha feni ya kiyoyozi kwenye mzunguko wa hewa ya ndani, wakafunga milango kwa dakika 40. Nilipolichukua gari lilikuwa na ule ukali unaokumbusha hewa baada ya radi, na maziwa hayakunukia kabisa. Siku nne. Siku ya tano nilipoingia asubuhi nikaisikia tena, hafifu, ikitokea chini upande wa nyuma, na kufikia mwisho wa wiki ikawa vilevile kama mwanzo.

Sisemi huduma ile ni ya ulaghai. Ozoni ni gesi: inafika kwenye dari, kwenye vitambaa vya siti, kwenye njia za hewa. Kwa gari lililovutiwa sigara, likishaoshwa vizuri, naamini inafaa. Lakini haiwezi kuingia ndani ya sponji iliyolowa na kuondoa maziwa yaliyojificha humo, na wale jamaa walipaswa kuniuliza nini kilimwagika na wapi kabla ya kupokea fedha yangu. Hawakuuliza. Pia hawakuniambia nipitishe hewa, na hilo linanikera zaidi, maana ozoni inaumiza mapafu. Nilikuwa nimpakie mama jioni ileile. Nilichofanya, kwa sababu ule ukali ulinikereketa koo, ni kuacha milango yote minne wazi kwa saa mbili nzima. Ukitumia huduma hii usiingie wala kumwingiza mtu mpaka gari lipigwe na hewa ya kutosha, na usiirudierudie, kwani ozoni huchakaza mpira.

Aliyenionyesha ukweli ni fundi wa siti. Hakunusa hata mara moja. Alifungua boliti nne zinazoshika siti ya dereva, akailaza kwa nyuma bila kuchomoa nyaya zake, akanionya nisiziguse zile zenye soketi ya njano kwa kuwa ni za mifuko ya hewa ya usalama. Akatoa ukingo wa plastiki mlangoni, akainua kapeti. Chini yake kuna tabaka nene la sponji la kuzuia kelele, na mimi miaka yote nikidhani chini ya kapeti ni bati tu. Akalibonyeza kwa kidole gumba. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakachuruzika pembeni ya ukucha wake, na harufu iliyopanda pale ilinifanya nigeuze uso. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu maziwa yamwagike. Juu kukavu, chini kumelowa kama siku ya kwanza.

Sasa dawa yenyewe. Ni ya maji, imo kwenye chupa ya kunyunyizia, inauzwa kwa ajili ya mikojo ya paka na mbwa. Ndani yake mna vimeng'enya: kimoja kinakata protini, kingine kinakata mafuta, yaani vile vitu viwili ambavyo bakteria walikuwa wakivila na kutoa uvundo. Inaondoa chakula chenyewe, haifuniki. Ila ina masharti, na nadhani wengi wanaoilaumu hawakuyafuata. Lazima ifike kila mahali maziwa yalipofika, hivyo kuipuliza juu ya kapeti ni kazi bure. Lazima ikae mbichi kwa saa kadhaa, kwa sababu ikikauka inaacha kufanya kazi. Usiichanganye na maji yanayochemka, maana vimeng'enya vingi huharibika joto likipita nyuzi 60 hivi, na usitangulize dawa ya kuua vijidudu au ya kung'arisha nguo, kwa kuwa itaviharibu.

Kwanza tulinyonya maji ya sponji kwa mashine ya kunyonya maji, tukamwagia maji ya uvuguvugu, tukanyonya tena, mara nne, mpaka yaliyotoka yakawa safi ya kuonekana chini. Ndipo nikamimina dawa. Sikupuliza, nilimimina chupa nzima na robo ya nyingine, nikaipapasa kwa mkono wenye glavu hadi nikahisi sponji imejaa, nikaifunika kwa nailoni isikauke. Asubuhi nikainyonya. Harufu ilikuwa bado ipo lakini imebadilika. Ule ukali wa matapishi umekwenda, imebaki kama ya nguo mbichi. Nikarudia usiku wa pili. Baada ya hapo nikaegemeza kapeti juu ya vipande vya mbao, nikaelekeza feni chini yake siku mbili mfululizo. Kukausha kulinichosha kuliko kuosha, na hapo usifanye haraka: ukirudisha kapeti juu ya sponji yenye unyevu utapata ukungu, na utakuwa umebadilisha harufu moja kwa nyingine.

Kidogo kilichobaki kilikuwa kinatokea kwenye kiyoyozi, kila nikikiwasha kwa sekunde chache za mwanzo. Nilitoa filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye gari langu iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Ilikuwa nyeusi, ina majani makavu, na inanuka stoo. Kubadilisha kulichukua dakika kumi bila fundi. Siku hizi nikikaribia kufika nazima ubaridi na kuacha feni ipige dakika tatu au nne ili sehemu ya ndani ikauke, kwa sababu ukungu wa kiyoyozi hupenda unyevu unaobaki humo.

Ni wiki ya tisa sasa. Nalipima kwa namna ileile iliyoniumbua: naliacha juani vioo juu hadi saa nane mchana, nafungua mlango wa nyuma, nainamisha kichwa hadi sakafuni. Nanusa kapeti na plastiki ya moto, basi. Mama amerudi kukaa na kioo kikiwa juu, na juzi alisinzia njiani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu maziwa yamwagike.

Dawa ya vimeng'enya naipa nyota nne kati ya tano. Huduma ya ozoni, kwa tatizo langu, nyota mbili, na zote mbili ni za zile siku nne mama alizopumzika. Nyota niliyoinyima dawa ni kwa ajili ya maelezo ya chupa. Yameandikwa "nyunyizia, subiri dakika kumi na tano, futa". Kwa doa la juu ya kitambaa pengine inatosha. Kwa maziwa yaliyozama chini ya kapeti, dakika kumi na tano hazifanyi lolote, na mtu atakayeyafuata maelezo hayo ataitupa chupa akiamini haifai, kumbe dawa haijafika hata kwenye sponji.