Uzoefu wangu: fungu la folisi, sarafu za shaba za Bizanti (Dola ya Kirumi ya Mashariki)

Kama unataka kujifunza alama za karakana, yaani mahali sarafu zilipogongwa, kwenye sarafu za Bizanti, nunua fungu la shaba zilizochakaa kabla hujafikiria dhahabu. Mimi nilinunua langu kwa muuzaji mmoja wa Ulaya anayetuma kwa posta, na kila sarafu ilinitoka kama pauni 15. Solido ya dhahabu inapendeza, sikatai, lakini ukiitazama chini utakuta CONOB, yaani dhahabu safi ya Konstantinopoli, na maandishi hayo yaligongwa hata kwenye dhahabu iliyotoka nje ya Konstantinopoli. Shaba ndiyo inayokutajia mji wake.

Mzigo ulifika salama. Kila sarafu ilikuwa kwenye bahasha yake ya karatasi, pamoja na kadi yenye jina la kaisari na mji. Uzito haukuandikwa popote, na hilo nitalirudia.

Kwa wasiozijua: kaisari Anastasius alibadilisha mfumo mwaka 498 akaleta folisi ya numi 40 (numi ndiyo sarafu ndogo kabisa), yenye herufi kubwa M, ambayo kwa hesabu za Kigiriki ni 40. K ni 20. Chini ya ile M kuna herufi ndogo ya chumba cha karakana, A, B na kuendelea, na chini kabisa ndipo lilipo jina la mji kwa kifupi: CON, NIKO ya Nikomedia, KYZ ya Kiziko. Kuanzia mwaka wa 12 wa kaisari Justinian, yaani 538/9, karakana kubwa zikaongeza na mwaka wa utawala: ANNO kushoto, tarakimu kulia. Kwa hiyo kipande kimoja cha shaba kinakupa mji, chumba cha karakana na mwaka kilipogongwa. Sijui sarafu nyingine za zama zile zinazoeleza mambo mengi hivyo.

Iliyonishika zaidi ni folisi moja ya Justin II. Upande wa mbele yeye na mkewe Sophia wamekaa bega kwa bega kwenye kiti cha enzi, wameshika kwa pamoja tufe lenye msalaba. Maandishi yanayowazunguka ni vurugu tupu, herufi zimepangwa ovyo, jina la kaisari halisomeki. Kadi ilisema Thesalonike. Nikaiweka chini ya lenzi, nikaigeuza taa iangaze kwa ubavu, na chini ya M yakajitokeza maandishi THEUP. Hiyo ni Antiokia. Mji ule uliharibiwa na tetemeko mwaka 526, likaja jingine 528, ndipo ukapewa jina la Theoupolis, Mji wa Mungu, na sarafu zake zikafuata. Thesalonike wakati wa Justin II iliandika TES, na zake tunazozikuta kwa wingi ni nusu folisi, zile za K. Hata yale maandishi yaliyovurugika ni dalili ya Antiokia, maana mafundi wa kule walikuwa na kawaida hiyo katika sarafu za kaisari huyu. Nilimwandikia muuzaji, akajibu siku ileile, akakubali na kunitumia kadi mpya. Kwa huduma hiyo namshukuru.

Ila uzito auandike. Folisi kubwa ya Justinian ya miaka ile ya mwanzo ya tarehe hupita gramu 20, na inajaza kiganja. Za mwishoni za Heraclius, kaisari wa karne ya 7, zinashuka mpaka gramu 5 au 6, na nyingi zimegongwa juu ya sarafu kuukuu bila hata kuyeyushwa. Kwenye moja niliyopata, pembeni mwa M yake bado kuna kipande cha herufi za kaisari aliyetangulia. Dola iliyochoshwa na vita na Waajemi haikuwa na shaba ya kuchezea, na kidole kinalihisi hilo kabla jicho halijasoma. Mtu anayenunua kwa picha bila gramu anakosa nusu ya habari.

Sarafu moja ilikuwa na unga wa kijani kibichi unaopukutika, ugonjwa wa shaba huo. Nilirudishiwa fedha bila mabishano. Ukiipata ya namna hiyo itenge haraka na nyingine, na usiguse ndimu wala siki. Asidi inakula maandishi, na maandishi ndiyo unayoyatafuta. Muhimu zaidi, dai karatasi ya asili ya mkusanyo. Makaburi na magofu ya Syria na Uturuki yamefukuliwa mno, na mimi sinunui kwa asiyeweza kueleza sarafu ilitoka wapi. Huyu alinipa nakala ya stakabadhi za mkusanyo wa zamani bila kusitasita.

Kulinganisha nimetumia picha za mkusanyo wa Dumbarton Oaks, Washington, zinazopatikana bure mtandaoni, na bila hizo THEUP yangu ingenichukua muda mrefu zaidi.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Fungu lijalo nimemwomba atafute za Karthago, mji ambao Belisarius, jemadari wa Justinian, aliutwaa kwa Wavandali mwaka 533 na ukaendelea kugonga sarafu za Bizanti mpaka karibu na Waarabu walipouteka 698. Katika fungu hili haikuwamo hata moja.