Mashine ya kutotoleshea ya mayai 56: kwa kuku poa sana, kwa bata jiandae na siku tatu za mwisho

Hii rivyu ni ya watu wa bata. Kama unafuga kuku wa kienyeji hii mashine utaipenda tu, kanunue, siku 21 vifaranga hao, huna haja ya kusoma mpaka chini. Ila kama unataka kuweka mayai ya bata humo ndani, na hasa kama uko sehemu kavu kama huku kwetu Dodoma, kaa tuongee kidogo maana dukani hawakwambii haya.

Yenyewe ni ile ya plastiki ya Kichina, imeandikwa mayai 56, ipo kila kona Kariakoo na kwenye magrupu ya ufugaji, majina ya juu yanabadilika ila ndani ni ile ile. Mi nimeipata kwa laki mbili na ushee bila nauli ya basi. Ina feni, hita, mota inayogeuza mayai yenyewe kila baada ya masaa mawili, kifuniko cha kuonea ndani, skrini ya joto na unyevu, mifereji miwili ya maji chini, na yangu ina sehemu ya kuunga betri ya volti 12 na kiukweli hiyo betri ndo iliyonifanya niichukue, umeme ukikatika usiku na mayai yako yako siku ya 26 hulali.

Kijana aliyeniuzia nilimuuliza kabisa, je kwa bata inafaa? Akaniambia "Mama bata na kuku si wote ndege, we weka maji tu mashine inajiendesha." Haya.

Kwanza hiyo 56 ni mayai ya kuku. Yai la bata lina gramu 70 mpaka 80 hivi, halikai vizuri kwenye vile vitundu vya trei, linasimama upande na mota ikigeuza mengine yanagongana. Ukiweka zaidi ya 40 umebana. Pili kaunta ya siku imesetiwa kwa kuku, isikuchanganye, bata weupe wa aina ya Pekini wanachukua siku 28 na hawa bata wetu wa kila siku wenye nyama nyekundu usoni ni 35, andika kwenye kalenda ya ukutani uachane nayo.

Upande wa joto sina neno. Nilipima na kile kipimajoto cha homa cha zebaki nikaona inasoma sawa na skrini, nyuzi 37.5 inashika na haichezi hata usiku wa baridi ya mwezi wa saba, na huo mwezi wa saba wa Dodoma na upepo wake mnaujua. Hapo nawapa maksi zote.

Tatizo ni unyevu. Skrini inadanganya jamani. Nilinunua kipima unyevu kidogo cha pembeni, na kabla sijakiamini nacho nikakipima kwa chumvi, unachukua chumvi ya kawaida ya mezani unailowesha kwa maji kidogo iwe tope isiyeyuke yote, unaiweka kwenye kifuniko cha soda, unaingiza pamoja na kipimo kwenye kopo linalofunga kabisa, unaacha masaa kama nane, kipimo kizima lazima kisome asilimia 75. Changu kikasoma 74, sawa. Nikakiweka ndani ya mashine, skrini inasema 65 na kipimo kinasema 50 na kitu! Sasa fikiria mtu anayetegemea ile skrini, anaona namba nzuri analala, kumbe ndani ni kiangazi.

Kwa kuku hiyo tofauti inaweza kupita, kwa bata haipiti. Yai la bata linataka 55 hivi wiki zote za mwanzo, halafu zile siku tatu za mwisho ukishasimamisha kugeuza (Pekini siku ya 25) linataka 70 na zaidi. Bata anapoatamia mwenyewe anatoka, anaoga, anarudi na manyoya yamelowa anakalia mayai, ndo maana wazoefu wanapulizia mayai maji ya uvuguvugu mara moja kwa siku. Ganda la bata ni gumu na utando wa ndani ni mnene, na kifaranga wa bata hana haraka, akishatoboa tundu la kwanza anaweza kukaa siku nzima mpaka mbili ndo azungushe ganda atoke. Siku mbili zote hizo tundu liko wazi na feni inampulizia. Hewa ikiwa kavu ule utando unakauka unambana kama nailoni, anataka kujizungusha hawezi. Hapo ndo unasikia analia humo ndani, kwanza kwa nguvu, baadae sauti inapungua.

Kwa hiyo kwenye hii mashine swali la kumsaidia kifaranga kutoka huwezi kulikwepa, utalipata tu, na najua kuna wanaosema aliyeshindwa kutoka mwache ni dhaifu. Sikubaliani nao kwa asilimia zote. Akikwama kwa sababu ya mashine yako kavu, udhaifu ni wa mashine. Kama ni mayai ya jike mmoja kila msimu wanakwama na wenzake wanatoka, huyo jike ndo usitotoleshe tena mayai yake.

Ila kusaidia kuna utaratibu wake na wengi wanaua kwa huruma. Kifaranga anaanza kwa kutoboa chumba cha hewa kule upande mnene wa yai, hapo ndo mapafu yanaanza kazi, ukimulika kwa tochi ya simu unaona mdomo unacheza kwenye kile kivuli. Baadae ndo anatoboa ganda. Baina ya hapo na kutoka anafanya kazi mbili usizoziona, damu iliyo kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini kwake, na kiini cha yai kinaingia tumboni kupitia kitovu. Ukimtoa kabla hizo kazi hazijaisha anavuja damu au anatoka na kiini kinaning'inia, na huyo mara nyingi humpati. Ndo maana masaa 24 ya kwanza baada ya tundu, kama anasogea na analia vizuri, mimi sigusi, nakaa mbali, namwambia na binti yangu asifungue.

Dalili za kuingilia kati ni hizi: tundu lipo zaidi ya siku na haliongezeki, utando pembeni ya tundu umegeuka rangi ya kahawia au manjano na umekauka, au alianza kuzungusha ganda vizuri akafika nusu akasimama masaa mengi. Nyingine ni akitoboa upande mwembamba wa yai, huyo kakaa vibaya, kichwa kiko kusiko na chumba cha hewa, wengine wanatoka wenyewe ila huyo mwekee jicho.

Vifaa havina gharama, kibanio cha nyusi kilichochemshwa, pamba za masikio, maji yaliyochemka yakapoa yakawa ya uvuguvugu, mafuta ya nazi safi kidogo na kitambaa. Kabla ya kutoa yai chumba kiwe na joto, funga dirisha, huku kwetu ule upepo hata dakika tano zinatosha kukausha utando wote. Nawa mikono. Unaanzia pale pale alipotoboa, unamega vipande vidogo vya ganda TU, utando unauacha. Kisha unalowesha utando kwa pamba, mbali na matundu ya pua, maji yakiingia puani umemzamisha ndani ya yai lake mwenyewe. Mafuta ya nazi kidogo yakipakwa juu ya utando mweupe unakuwa wa kupenya macho, unaona mishipa. Ukiona mistari myekundu yenye damu, simama, hajawa tayari, rudisha kwenye mashine huku kitambaa chenye unyevu kikizunguka yai na mdomo ukiwa wazi, subiri masaa manne, sita, hata usiku kucha. Ukiona tone la damu, gandamiza taratibu kwa pamba safi na urudishe. Ukimuona anatafuna tafuna na kupiga miayo, bado anavuta kiini, hata kama unaona kama yuko tayari kutoka mwache.

Mishipa ikishapotea na utando uko mtupu, hapo unaweza kumega duara lote la juu mpaka kichwa na bawa moja viwe huru. Kichwa kwa kawaida kinakuwa chini ya bawa la kulia kwa hiyo kiinue pole pole. Basi, ishia hapo. Ile nusu ya chini mwache apige miguu atoke mwenyewe, na ukimrudisha akabaki ndani masaa mengine mawili matatu usimvute, pengine kitovu hakijafunga. Usikate chochote kinachoning'inia, kitakauka kitadondoka chenyewe, weka aidini kidogo kitovuni akishatoka.

Sasa rudi kwenye mashine uone inavyokukwamisha hapo. Kifuniko kinafunguka CHOTE. Hakuna kidirisha cha kuingiza mkono. Unafungua kumsaidia mmoja, unyevu unashuka kwa wote, na wengine ishirini nao wametoboa wanaanza kukauka, unaokoa mmoja unakwamisha watatu. Aliyeichora hii mashine hajawahi kukaa na bata. Maji ukiongezea lazima utumie lile tundu la pembeni na bomba la sindano, hilo zuri, tumia hilo, maji yawe ya uvuguvugu. Mifereji miwili ikijaa kwangu haifiki hata 60 kwa kipimo cha ukweli, nikaongeza sponji mpya zilizolowa pembeni mbali na feni ndo ikapanda mpaka 70 na kitu. Matundu ya hewa msiyazibe kisa unyevu, vifaranga wakishaanza kupumua wanataka hewa kuliko mwanzo.

Na sakafu yake ya plastiki inateleza, kifaranga aliyechoka akisimama hapo miguu inapanuka huku na huku anakuwa kilema. Tandika kitambaa cha taulo au mkeka ule wa mpira wa kabati kabla hawajaanza kutoka.

Kilichonifumbua macho zaidi ni wifi yangu aliyeko Tanga, ana mashine hiyo hiyo, hata rangi, tulinunua pamoja. Yeye bata wanatoka wenyewe bila kuguswa, akinisikia nahangaika na pamba na kibanio ananicheka, "wifi wewe umekuwa mkunga." Yeye shida yake ya mwanzo ilikuwa kinyume, alijaza mifereji yote miwili tangu siku ya kwanza kwa hewa ile ya pwani, mayai hayakupoteza maji ya kutosha, chumba cha hewa kikawa kidogo, vifaranga wakafa wamevimba na maji humo humo. Sasa anaanza na mfereji mmoja, saa nyingine mkavu kabisa, anamulika na kuangalia chumba cha hewa kinavyokua wiki kwa wiki. Kwa hiyo ukisoma rivyu ya mtu anasema hii mashine ni mbovu au ni nzuri muulize kwanza anaishi wapi. Kile kikaratasi kinachokuja nayo kina Kiingereza cha kubahatisha na kinatoa namba moja kwa dunia nzima.

Ninavyofanya sasa hivi, wiki zote za mwanzo mayai yanakaa kwenye hii mashine, zikibaki siku tatu nahamishia kwenye boksi la kutotolea ambalo fundi kanitengenezea kwa kisanduku cha thamokoli (lile povu jeupe gumu), balbu, kidhibiti joto na bakuli pana la maji, na lina kidirisha kidogo cha kuingiza mkono mmoja. Gharama haikufika robo ya mashine. Wanaokwama bado wapo ila wachache, na namsaidia mmoja bila kuwaharibia wenzake.

Wakishatoka waache wakauke humo humo, kiini kilichoingia tumboni kinawatosha siku nzima bila chakula, wasikimbizwe kwenye maji ya kuogelea hata kama ni bata, manyoya yao bado hayakingi maji vizuri wanalowa wanakufa baridi. Maji ya kunywa yawe kwenye chombo kifupi chenye vijiwe ila yafike usawa wa pua waweze kuzisafisha. Na chakula cha vifaranga wa kuku peke yake hakitoshi, bata wanahitaji niasini (vitamini B3) zaidi, changanya hamira ile isiyochachusha ya lishe la sivyo miguu inapinda na utasingizia mashine.

Maksi zangu: kuku 4 kati ya 5, bata Dodoma, Singida na kwingine kukavu 2.5, bata pwani naambiwa na wifi 4. Kabla ya kulipa dukani waambie wawashe muone feni na mota zinazunguka, maana ya kwanza waliyonipa mota ilikuwa imekufa ikabidi wabadilishe pale pale. Mota spea zinapatikana na hata fundi redio anaifunga. Ukiagiza kwa basi omba waifunge na kifuniko kikiwa na kadibodi juu, yangu ilikuja na ufa pembeni, nimeziba kwa gundi na inadunda mpaka leo.