Mashine za masikio safi kabisa, lakini duka lile sirudi

Jamani nianze na hasira maana zimenikaba koo. Mashine yangu ya kusaidia kusikia, ile ya sikio la kulia, ilikata sauti ghafla tu, nikairudisha pale nilipoinunua, mpwa wangu kanisindikiza. Dada wa kaunta hata usoni hakunitazama, kaigeuzageuza halafu anamwambia mpwa wangu, "Mwambie mama hii imekufa, hizi za kuchaji hazitengenezeki, atafute hela ya nyingine." Mwambie mama! Mama si huyu hapa mbele yako, sikio la kushoto lina mashine nzima na mdomo wako nausoma! Mnauzia watu wenye shida ya kusikia halafu kuongea nao hamtaki, sasa hapo mnafanya nini?

Nikaenda kwa fundi mwingine, kijana mpole, kanigeukia, akaongea taratibu. Kavua kile kimpira cha sikioni, ndani kuna kichujio cheupe, kidogo kuliko punje ya mtama, kimejaa nta ya sikio hata sauti haina pa kupita. Ana kijiti chenye ncha mbili, moja kang'olea kile cha zamani, nyingine kachomekea kipya, hapo hapo nikaanza kusikia feni ya juu inavuma. Imekufa eti!

Mashine zenyewe nazipenda, nisiwe mwongo. Zile zangu za mwanzo zilikuwa za vibetri vidogo vya kutupa, saizi 312, unabandua kistika cha kahawia, unasubiri betri ivute hewa, na baada ya siku chache unasaka nyingine. Hizi usiku nazilaza kwenye kasha lake zinachaji, na mwanangu akipiga kutoka Marekani sauti inaingia masikioni moja kwa moja kwa Bluetooth. Anasema kule tangu Oktoba 2022 mtu mzima ambaye usikivu haujashuka sana anajinunulia mashine dukani bila cheti cha daktari. Mimi hizo za dukani zisingenifaa, masikio yangu yameshuka mno, lazima nipimwe na mtaalamu azirekebishe, na ndo maana yule dada kaniuma hivi, sisi tunawategemea hao.

Nilikuja hapa kuwaambia nunueni. Lakini kadiri ninavyoandika nasema hapana, msinunue kwanza, ulizeni vichujio vinapatikana wapi, nani atawabadilishia, na betri ya ndani ikichoka inabadilishwa hapa hapa au mpaka isafirishwe nje. Na wakianza kumjibu aliyekusindikiza badala yako wewe, chukua pesa yako uondoke.